Kilichomo Topeni na Kinachotoka Topeni

Siku kumi na tisa zilizopita, bahari ikiwa imekupwa, nilishuka Jangwani na fremu kumi na mbili za chuma kisichoshika kutu. Kila fremu ilibana ukanda wa plastiki, ya aina ile ile iliyokuwa ikitengenezewa mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku Juni 2019, ila hii imeoshwa kwa kemikali mpaka haina doa, na ni nyembamba kuliko unywele. Nilizichomeka moja baada ya nyingine kwenye sakafu ya Mto Msimbazi, nusu ya ukanda ndani ya tope, nusu juu yake kwenye maji. Nikafunga kamba kwenye vigingi, nikaandika namba na saa, nikapanda ukingoni.

Ukingoni alikuwa amesimama mzee mmoja ninayemfahamu tangu nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili. Analima mchicha na matembele kwenye kipande chake kando ya mto. Miaka tisa iliyopita ndiye aliyenishika mkono buti zangu ziliponasa topeni, nikiwa na beleshi na ndoo, nachota tope la tasnifu yangu. Nilimwahidi kwamba nikimaliza kupima nitamletea majibu, na nilimletea. Tulikaa kwenye gogo la mnazi nikamsomea namba zangu: DDE, yaani mabaki ya DDT, dawa ya kuua wadudu, kiasi hiki kwa kila kilo ya tope kavu, kemikali za masizi kiasi hiki. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Haya mwanangu, nimekusikia. Hiyo imo topeni. Sasa inatoka, au haitoki?"

Sikuwa na jibu. Kurasa zaidi ya mia za tasnifu hazikuwa na sentensi hata moja iliyogusa swali lile, na kwake yeye ndilo lililokuwa swali lenyewe. Maji anayomwagilia yanatoka mtoni. Wajukuu zake wanavuka mto wakienda shule. Tope yeye halinywi wala halili. Alitaka kujua kama sumu iliyolala chini itaamka imfuate juu. Tangu siku ile, karibu kila nilichofanya katika kazi hii kimekuwa ni kutafuta namna ya kumjibu.

Msimbazi si mto mrefu. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza jiji la Dar es Salaam kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaishia Bahari ya Hindi pale Salenda. Katika safari hiyo fupi unapokea kila kitu: maji ya viwanda, majitaka ya vyoo, damu ya machinjioni, oili chafu ya gereji, majivu ya matairi yanayochomwa ili kutoa nyaya, na udongo wa mashamba na bustani zilizowahi kunyunyiziwa dawa. Mvua kubwa ikinyesha, kama ile ya Desemba 2011 iliyoua watu na kuhamishia wengine Mabwepande, mto unabeba mashapo ya mji mzima na kuyatandaza bondeni. Maji yakitulia, chembe laini zinashuka. Hizo chembe laini ndizo mada yangu.

Vichafuzi ninavyovizungumzia vina tabia moja: havipendi maji. DDT na kizazi chake DDE na DDD, zile PCB za mafuta ya transfoma za zamani, na PAH, yaani kemikali zinazozaliwa pale mafuta, kuni au matairi yanapoungua vibaya. Zikiingia mtoni hazikai kwenye maji zikasafiri hadi baharini kama chumvi. Zinatafuta kitu chenye mafuta au kaboni cha kukishikilia: majani yaliyooza, masizi, ngozi ya mnyoo, shahamu ya samaki. Kwa hiyo ukichota maji ya juu ya mto huenda usione kitu, na ukichota tope la chini yake ukaona historia ya miaka arobaini.

Nilipokuwa mtoto nyumbani kulikuwa na dumu la lita tano lililowahi kuwekwa mafuta ya taa. Mama alilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya mche, akalianika juani siku nzima. Halikuwa na tone la mafuta ndani. Lakini kila tulipotia maji, asubuhi yake maji yalinuka taa. Plastiki ilikuwa imeyanywa mafuta, na kila maji mapya yalipoingia iliyatoa kidogo. Maji ya kwanza yalinuka sana, ya pili yakanuka kidogo, ya kumi bado yakanuka. Na lau tungechukua maji yenye taa tukayatia kwenye dumu jipya, dumu ndilo lingeyanywa na maji yangepoa harufu. Dumu ni lile lile na kemikali ni ile ile. Inaelekea wapi, hilo linategemea upande upi umeelemewa zaidi.

Tope la mto ni dumu la namna hiyo, na nimeufundisha mfano huu kwa wanafunzi mara nyingi kuliko mlinganyo wowote.

Acha nieleze tulivyokuwa tukipima, maana mbinu ile si mbaya, ina mahali pake. Unachota tope kwa kikombe cha chuma chenye taya mbili kinachofungwa kwa kamba, au unasukuma bomba ili upate mche wa tope wenye matabaka yake. Unaliweka kwenye chupa ya kioo, kamwe si ya plastiki, chupa iliyookwa kwa joto la nyuzi 450 ili isiwe na chembe ya mafuta ya mtu. Unalifunika kwa foili. Unaligandisha. (Sampuli zangu za mwaka wa kwanza ziliharibika zote katika maabara moja ambako umeme ulikatika siku tatu na hakuna aliyefungua jokofu kutazama. Miezi mitano ya kazi ilikwenda hivyo.) Kisha unalikausha, unalisaga, unaliweka kwenye kifaa cha Soxhlet, ambacho Mjerumani Franz von Soxhlet alikibuni mwaka 1879 ili kupima mafuta ya maziwa. Heksani na asetoni, vimiminika vinavyoyeyusha mafuta, vinachemka chini, mvuke unapanda, unapoa, unadondokea tope, unalikamua, unarudi chini. Saa kumi na sita, ishirini, mzunguko baada ya mzunguko. Halafu unasafisha. Tope letu limejaa salfa kwa kuwa halina hewa, na salfa huficha kila kitu kwenye mashine, kwa hiyo unatumbukiza vipande vya shaba vilivyong'arishwa kwa asidi na kuvitazama vikigeuka vyeusi mbele ya macho yako. Ukimaliza kuzisafisha kwa silika, unapeleka matone machache yaliyobaki kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayozitenganisha kemikali moja moja. Kifaa kinachogundua DDT humo, kile kinachonasa elektroni, kilibuniwa na James Lovelock mwaka 1957, na hadi leo ndicho kipenzi cha maabara nyingi za Afrika, kwa kuwa bei yake inavumilika na kinaona kiasi kidogo mno.

Kazi hiyo ni ya heshima, na namba inayotoka ni ya kweli. Inaweza hata kukusimulia umri. Mahali penye hewa DDT hugeuka DDE, pasipo na hewa hugeuka DDD. Ukikuta kizazi ni kingi kuliko mzazi, unajua dawa ni ya zamani. Ukikuta mzazi ndiye mwingi, kuna mtu bado ana gunia mahali fulani, au udongo wa ghala la zamani umeporomokea mtoni. Hofu hiyo si ya kufikirika kwetu. Vikuge, mkoani Pwani, ilipokea mwaka 1986 shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeshapitwa na muda, na banda vilimohifadhiwa likaja kuanguka. Udongo wa pale umekuwa somo kwa wanakemia wa Tanzania kwa miaka.

Lakini namba hiyo ni ya kila kitu kilichomo. Heksani inayochemka saa ishirini inang'oa hata kile ambacho mto usingeking'oa katika miaka mia. Samaki hana heksani. Mnyoo hana Soxhlet. Kilo mbili za tope zinaweza kuwa na namba ile ile kwenye karatasi, moja ikawa inaua viumbe na nyingine ikawa imefunga sumu yake kama mlango uliopigwa kufuli.

Chukua hesabu ndogo, ya kubuni ila yenye vipimo vya kawaida. Tuseme kilo moja ya tope kavu ina mikrogramu 50 za DDE, na asilimia 2 ya tope hilo ni kaboni ya kikaboni, yaani ile itokanayo na mabaki ya viumbe. Mwaka 1979 Samuel Karickhoff na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kemikali za namna hii hujigawa kati ya kaboni ya tope na maji kwa uwiano unaoweza kukadiriwa kutokana na jinsi zinavyopenda mafuta. Kwa DDE tuchukue uwiano wa milioni moja kwa moja ili hesabu iwe nyepesi. Asilimia 2 ya milioni ni 20,000. Gawanya 50 kwa 20,000: maji yaliyonaswa katikati ya chembe za tope yana mikrogramu 0.0025, yaani nanogramu 2.5, kwa lita. Hiyo ndiyo sehemu iliyo huru. Ndiyo inayopita kwenye ngozi ya mnyoo, inayopanda kwenye maji ya juu, inayoingia kwenye shavu la samaki. Inaonekana ndogo, lakini samaki naye ana shahamu, na shahamu yake inaivuta kama kaboni ya tope inavyoivuta.

Sasa weka masizi. Mwaka 1997 Örjan Gustafsson na Philip Gschwend, pamoja na wenzao, walipima masizi yaliyomo kwenye mashapo na kuonyesha kwa nini makadirio ya Karickhoff yanayumba kwa PAH. Masizi hayashiki kemikali hizi kama jani lililooza linavyoshika. Yanazing'ang'ania. Mahali penye masizi mengi, maji ya ndani ya tope yanaweza kuwa na PAH pungufu mara kumi, hata mara mia, kuliko hesabu yangu ya kaboni inavyobashiri. Na niambie, ni mto gani wa mjini kwetu usio na masizi? Tunapikia mkaa, tunachoma takataka, magari yetu ya dizeli yanatoa moshi mweusi. Kwa hiyo kule Jangwani makadirio ya vitabuni hayanitoshi. Ni lazima nipime yale maji yenyewe.

Kuyapima ni shida tupu. Ukikamua tope kwa mashine ya kuzungusha unapata maji kidogo, yenye rangi ya chai, yaliyojaa chembe ndogo zisizoonekana zilizobeba kemikali ile ile mgongoni. Ukizihesabu chembe hizo kama maji, umedanganya. Ukichuja, chujio linanyonya kemikali. Ili mashine ione nanogramu chache kwa lita unahitaji lita kadhaa za maji ya namna hiyo, na kilo moja ya tope haikupi hata nusu lita.

Hapo ndipo plastiki inapoingia, na nakiri kwamba siku nilipoielewa mbinu hii nilikaa kimya muda mrefu, maana nilikuwa nimeliona dumu la mama. Badala ya kuyakamua maji, unaiachia plastiki inywe. Kemikali iliyo huru inahama kutoka kwenye maji ya topeni kuingia kwenye ukanda, kidogo kidogo, mpaka pande zote tatu, yaani tope, maji na plastiki, zisawazike. Chembe haziingii kwenye plastiki. Masizi hayaingii. Kilichofungiwa hakihesabiwi. Kinachoingia ni kile tu chenye uhuru wa kutembea, na kinaingia kwa wingi: kwa kemikali kama DDE, gramu moja ya plastiki iliyosawazika inabeba takriban kilichomo kwenye lita elfu moja za maji. Ukanda mmoja unaojaza kiganja unakufanyia kazi ambayo ungehitaji tangi la maji kuifanya.

Swali ni utajuaje kwamba umesawazika. Kemikali nzito huchukua miezi, na mimi nina siku 28. Jibu lake ndilo jambo zuri kuliko yote katika fani hii. Kabla hujaupeleka ukanda mtoni, unaunywesha kwanza kemikali za majaribio ambazo mto hauna, kwa kawaida ndugu wa zile unazozitafuta ambao hidrojeni zao zimebadilishwa zikawa nzito, ili mashine iwatofautishe. Unajua umeweka kiasi gani. Ukanda ukikaa topeni, kemikali hizo zinatoka huku nyingine zikiingia, na mwendo wa kutoka ni sawa na mwendo wa kuingia. Ukirudi, unapima zimebaki ngapi. Ikiwa nusu imetoka, basi na za mto zimefika nusu ya safari. Unarekebisha. Ukanda unakuja na saa yake ndani.

Na kwa kuwa nusu ya ukanda wangu iko topeni na nusu iko majini, nikiukata vipande vya sentimita mojamoja napata kitu ambacho beleshi halikunipa kamwe, nacho ni mwelekeo. Kipande cha topeni kikiwa kimebeba zaidi ya cha majini, tope linautia mto. Cha majini kikibeba zaidi, mto ndio unaolitia tope, na chanzo kiko juu huko, bado kinamwaga. Ni swali la mzee, neno kwa neno.

Lakini kujua kuelekea wapi si kujua kasi. Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wanafunzi kila mwaka. Kwa mwendo wake wa asili, molekuli ya namna hii ikiachwa ndani ya maji matupu yaliyotulia inatembea sentimita moja kwa muda wa kama siku moja. Ndani ya tope la mfano wangu, ambako kwa kila moja iliyo huru kuna elfu ishirini zilizoshikwa, sentimita hiyo hiyo inachukua zaidi ya miaka hamsini. Ukiishia hapo utasema tope ni salama, tulifunike na tulisahau. Wapo waliosema hivyo.

Tope haliko tuli. Minyoo inaingia sentimita nyingi chini, inakula tope la kale, inapanda na kulinya juu. Ni wabebaji wa mizigo wanaofanya kazi usiku na mchana bila mshahara wa mtu. Kaa wanachimba. Joto letu linachemsha uozo chini, viputo vya methani vinapanda na kupasua njia. Ukisimama kimya Jangwani mchana unavisikia. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, inasukuma maji ndani ya tope na kuyavuta nje. Kisha inakuja masika. Saa moja ya mafuriko inang'oa kile ambacho molekuli peke yake isingekitembeza katika karne. Chembe zilizoinuliwa zinaanza kuachia mzigo wao majini: sehemu moja inaachia ndani ya saa na siku, nyingine inashikilia miezi, hata miaka. Ni hiyo sehemu ya haraka inayonitia wasiwasi.

Mto uliotufundisha haya kuliko mito yote uko mbali na sisi, jimbo la New York. Viwanda viwili vya General Electric, Hudson Falls na Fort Edward, vilitumia PCB kutengenezea vifaa vya umeme na kuzimwaga katika Mto Hudson kati ya 1947 na 1977. Makadirio ya juu ni pauni milioni 1.3, takriban tani 590. Nyingi zilinaswa nyuma ya bwawa la Fort Edward. Mwaka 1973 bwawa likabomolewa, na tope lililokuwa limenaswa likateremka na mto. Mwaka 1976 uvuvi ukapigwa marufuku sehemu ya juu ya mto, na mwaka 1984 kilomita 320 za mto hadi ncha ya Manhattan ziliwekwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kusafishwa.

Kilichonivutia huko ni vipimo vya kiangazi. Mtu angetarajia PCB zipande wakati wa mafuriko tu. Lakini hata majira ya joto, mto ukiwa umetulia na maji yakiwa maangavu, maji yaliyokuwa yakipita juu ya mashapo ya kisiwa cha Thompson yalitoka upande wa pili yakiwa na PCB zaidi ya yalizoingia nazo. Hakukuwa na bomba lililomwaga katikati. Na zilizoongezeka zilikuwa hasa zile nyepesi, zenye klorini chache, zisizochukia maji sana kama dada zao. Tope lilikuwa likitoa, kimyakimya, bila dhoruba yoyote, miaka mingi baada ya viwanda kuacha kumwaga.

Wakaamua kulifukua. Kazi ilianza 2009 na kumalizika 2015. Zaidi ya mita za ujazo milioni mbili za mashapo zilitolewa. Mwaka ule wa kwanza, mashine zilipokuwa zikichota, PCB kwenye maji ziliruka hadi kupita nanogramu 500 kwa lita, kikomo cha maji ya kunywa cha Marekani, na kazi ikasimamishwa kwa muda. Tangu mwanzo walikuwa na vituo vya kupimia maji upande wa chini wa mashine, na kanuni iliyoandikwa kwamba namba ikifika hapa, mashine ya kuchota inasimama. Waliijua hatari hiyo mapema. Wasingekuwa wakipima, wangeendelea kuchota, na wenye kuijua wangekuwa samaki.

Ipo njia nyingine isiyohitaji kufukua, na inanigusa kwa sababu malighafi yake tunaijua. Ikiwa masizi yanaifunga sumu, kwa nini tusiongeze kitu kama masizi, kisafi, makusudi? Watafiti kama Richard Luthy na Upal Ghosh wamejaribu kuchanganya mkaa ulioamilishwa, yaani uliotayarishwa ili unyonye zaidi, kiasi cha asilimia chache tu ya uzito wa tope, kwenye maeneo kama Hunters Point huko San Francisco na Mto Grasse jimboni New York. Ukipima kwa Soxhlet baada ya hapo, hakuna kilichobadilika. Sumu yote bado imo. Ukipima kwa plastiki, ile iliyo huru imeporomoka. Mkaa wa namna hiyo hutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi. Pwani nzima ya kwetu imejaa vifuu. Sisemi tumwage mkaa Msimbazini kesho asubuhi. Mafuriko ya bonde lile yangeuzoa wote kwa msimu mmoja. Lakini kwa mabwawa ya pembeni, kwa mifereji inayotoka kwenye maghala ya zamani ya viuatilifu, nadhani inafaa kujaribiwa, na ijaribiwe na sisi.

Naandika haya sasa kwa sababu bonde linabadilika. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaogharamiwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unakusudia kupanua na kuchimba mto upande wa chini, kujenga daraja jipya Jangwani, na kuligeuza eneo la mafuriko liwe bustani ya jiji. Watu wengi wameshalipwa fidia wakahama. Nauunga mkono, nimeona maiti zikitolewa kwenye nyumba zilizojaa tope, na sitaki kuona tena. Ninachoomba ni kwamba tope lile lisihesabiwe kwa mita za ujazo tu. Lijulikane, tabaka kwa tabaka, lipi likiinuliwa litaachia haraka na lipi limefunga. Lijulikane litapelekwa wapi, na maji yatakayochuruzika kutoka kwenye rundo lake yataelekea kwa nani. Na siku mashine itakapoanza kuchota, kuwe na mtu chini ya mto anayepima, mwenye mamlaka ya kusema simameni. Maabara tunazo, katika chuo kikuu, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa wenzetu wa viuatilifu Arusha. Wanakemia tunao. Plastiki yenyewe inauzwa kwa rola.

Zimebaki siku tisa. Nitazitoa fremu maji yakikupwa, nitazifuta tope kwa kitambaa chenye maji safi, nitazikunja kwenye foili, nitaziweka kwenye boksi la barafu pamoja na ukanda mmoja ambao haukuingia mtoni kabisa, wa kunionyesha kama kuna uchafu uliotoka mikononi mwangu. Safari hii nikikaa na mzee kwenye gogo sitamsomea kiasi kwa kilo. Nitamwonyesha, kituo kwa kituo, mshale umeelekea juu au chini, na unaenda kwa kasi gani.

Siku ile nilipomaliza kuchomeka fremu ya mwisho nilimweleza yote haya, dumu la mama na mengineyo. Alifikiri kidogo, akanishika bega akanipeleka nyuma ya matuta yake ya matembele, ambako amechimba kisima kifupi, hatua kama kumi na tano kutoka mtoni, kina cha mtu mmoja. Maji yake ndiyo anayomwagilia kiangazi, mto ukipungua. "Mto umeuwekea," akasema. "Na hapa je, mwanangu? Maji haya si yanapita kwenye tope lile lile kabla hayajanifikia?"

Nilikuwa na ukanda mmoja wa akiba kwenye boksi. Aliutafutia kamba ya katani na jiwe la kuuzamisha, tukaushusha pamoja hadi ukagusa chini, nikaandika kwenye daftari: namba 13, kisima, saa 5:40 asubuhi.